Namna ya kuingia mto wa chini ya ardhi wa Puerto Princesa bila kuishia gatini

Maswali ni yale yale kila msimu. Kibali kinapatikana wapi? Lazima ujue kuogelea? Popo wanauma? Mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeyaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wa msafiri anayetoka Afrika Mashariki, au anayefanya kazi Ghuba na kupata likizo fupi, ambaye kwa mara ya kwanza anataka kuingia pango la mto lililo katika hifadhi ya taifa ya Puerto Princesa, kisiwa cha Palawan, Ufilipino.

Kuingia pangoni kwenyewe si kazi. Unakaa kwenye mtumbwi, mwenyeji anapiga kasia, wewe unatazama juu. Wanaorudi nyumbani bila kuliona hukwama kabla ya kulifikia, kwa mambo mawili: kibali na bahari. Ndiyo maana maelezo mengi hapa ni ya yale yanayotokea kabla hujafika mlangoni.

Unachokwenda kuona, kwa ufupi: Mto Cabayugan unazama ardhini karibu na Mlima St. Paul, mlima wa mawe ya chokaa, unapita gizani kilomita 8.2, kisha unatokea kwenye mdomo wa pango na kumwagika moja kwa moja baharini. Maji ya bahari yakijaa huingia humo, yakipwa hutoka, hivyo sehemu ya chini ya mto ina chumvichumvi. UNESCO iliiingiza hifadhi hii katika Urithi wa Dunia mwaka 1999. Mwaka 2012 mto ukathibitishwa kuwa mmoja wa maajabu saba mapya ya asili, katika kura ileile ambayo Kilimanjaro ilifika fainali ikaachwa. Kura za simu na intaneti, basi tena.

Uende lini

Watu wa pwani wataelewa upesi, maana na wao wana kaskazi na kusi yao. Upepo wa kaskazini-mashariki Wafilipino wanauita amihan, ule wa kusini-magharibi habagat. Kijiji cha Sabang, ambako boti huondokea, kiko upande wa magharibi wa kisiwa. Habagat ikishika, takriban Juni hadi Oktoba, mvua ni nyingi na mawimbi yanapiga upande huo huo wa boti zako. Safari husitishwa mara kwa mara.

Miezi ya kuaminika zaidi ni Januari hadi Mei. Hata hivyo usidhani kwisha kwa habagat ni dhamana: kimbunga Rai, ambacho Wafilipino walikiita Odette, kiliipiga Palawan katikati ya Desemba 2021, na Sabang ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Epuka pia Wiki Takatifu kabla ya Pasaka. Nchi nzima iko safarini, na vibali huisha mapema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasi iliyobakiza angalau miezi 6, pamoja na tiketi ya kutoka Ufilipino. Wenye pasi za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wamo katika orodha ya wanaoingia bila viza kwa utalii wa siku 30. Sheria za mipakani hubadilika, kwa hiyo uliza ubalozi kabla hujakata tiketi.
- Usajili wa eTravel, unaofanywa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kuwasili. Ni bure. Tovuti ikikudai pesa, umeingia kwa matapeli, toka.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Ukitoka nchi yenye ugonjwa huo wanaweza kuidai, na hapo uwanjani si pa kuanza kubishana.
- Pesa taslimu, peso, zilizobadilishwa mjini Puerto Princesa. Usiende Sabang ukitegemea mashine ya benki. Beba noti ndogo.
- Viatu vya kamba au mkanda vinavyokubali kulowa. Ndala zitachukuliwa na wimbi wakati wa kushuka, utamalizia safari peku.
- Mfuko usiopitisha maji wa simu, pasi na pesa.
- Suruali fupi au nguo inayokauka upesi. Kina mama wanaovaa baibui au dera wavae kitu kisichoburuta, maana kuna kupanda na kushuka boti mara tatu.
- Dawa ya kichefuchefu kama bahari inakusumbua, na dawa ya kufukuza mbu. Palawan ni mahali ambapo malaria imekawia kuisha kuliko sehemu nyingine za Ufilipino, na dengi pia ipo.

Huhitaji kujua kuogelea. Huhitaji kofia yako, kamba, wala tochi kubwa. Kofia ngumu na jaketi la kuokolea utapewa.

Hatua kwa hatua

1. Tenga siku mbili, na siku ya mto isiwe ya mwisho. Watu wengi huweka mto asubuhi ya mwisho, wakapanga kuruka jioni. Bahari ikichafuka siku hiyo, safari yote imekwenda. Weka mto siku yako ya kwanza au ya pili Palawan, ili ukikwama uwe na kesho. Na kama unaweza, lala Sabang usiku mmoja. Magari ya watalii kutoka mjini hufika kwa mkupuo. Aliyelala Sabang anakuwa gatini mapema, watu wachache, jua halijawaka. Kwangu mimi hiyo inashinda hoteli yoyote ya mjini yenye bwawa.

2. Pata kibali kwanza, mengine baadaye. Idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, na bila kibali chenye tarehe na jina lako hupandi boti. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia wakala wa utalii au hoteli: unawapa jina, uraia na umri, wanakuombea, na mara nyingi bei yao inajumuisha gari, chakula cha mchana, boti na kiongozi. Ya pili ni kwenda mwenyewe ofisi ya hifadhi mjini Puerto Princesa, ukiwa na pasi.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza nashauri wakala. Kujitegemea kunaokoa pesa kidogo na kula nusu siku. Ila mwambie wakala mapema kama unataka kulala Sabang, wakushushe huko na mkutane gatini, wengi hukubali. Usitegemee kununua kibali ukishafika Sabang.

Tahadhari: jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasi. Sisi wa majina matatu tunaumia hapa. Ukijiandikisha kwa jina unaloitwa mtaani, na pasi inasema jingine, utasimamishwa kaunta huku kundi lako linakwenda. Omba wakala akutumie picha ya kibali usiku wa kuamkia safari, ukisome mwenyewe.

3. Fika Puerto Princesa. Ndege kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe hupitia Addis Ababa, Dubai au Doha hadi Manila, kisha unachukua ndege ya ndani ya saa moja na robo hivi. Majengo ya abiria ya uwanja wa Manila yako mbalimbali, na foleni ya magari kati yao haina huruma. Kama tiketi zako ni mbili tofauti, acha saa tano kati ya ndege na ndege. Mashirika ya bei nafuu ya ndani hupima mzigo wa mkononi, kwa kawaida mwisho kilo 7, na wanapima kweli.

4. Nenda Sabang. Ni kilomita 80 hivi kaskazini ya mji, karibu saa mbili kwa gari. Asiye na wakala hupanda gari la abiria kwenye stendi ya San Jose, nje kidogo ya mji. Kutoka katikati ya mji hadi stendi unafika kwa pikipiki ya magurudumu matatu, ndugu wa bajaji. Kona ni nyingi mwisho wa safari. Kama unatapika garini, meza dawa kabla ya kuondoka, si ukishaanza kuona kizunguzungu.

5. Jiandikishe gatini. Hapa kuna kaunta, karatasi na kusubiri. Kibali kinakaguliwa, unalipa ada ndogo kama hazikuwa ndani ya bei ya wakala, unapewa zamu ya boti. Nenda choo sasa. Ukiwa pangoni hakuna pa kujisaidia, na mtumbwi haurudi kwa sababu yako.

Kama walinzi wa pwani wamefunga bahari, utaambiwa hapa hapa. Usimpe mvuvi pesa akupeleke kwa mlango wa nyuma. Wapo wanaojaribu. Ukifika upande wa pili bila kuandikishwa, askari wa hifadhi hawatakuruhusu, na ukizama hakuna anayejua ulikuwa nje.

6. Vuka bahari kwa bangka. Ni ngalawa hasa, yenye mirengu pande zote mbili, ila ina injini. Safari ni takriban dakika 20 kando ya miamba. Vaa jaketi na ufunge vifungo vyote. Kaa mnapopangwa, maana nahodha anasawazisha uzito. Kushuka ni ufukweni, mara nyingi majini hadi kwenye vifundo au magoti: subiri wimbi lipite, shuka kwa mguu mmoja, simu iwe ndani ya mfuko.

7. Tembea hadi kwenye mtumbwi. Kuna njia fupi msituni. Utakutana na kima wenye mikia mirefu, pengine na kenge mkubwa anayejikokota bila haraka kati ya miguu ya watalii. Kenge muache apite. Kima ndio wezi: mfuko wa plastiki unaochakacha, kwao ni mwaliko. Chakula kiache Sabang, usiwalishe, na usimwoneshe kima meno ukidhani unamchekea, kwake hiyo ni shari.

8. Ingia mtoni. Mbele ya mdomo wa pango kuna ziwa dogo la maji ya kijani. Unapewa kofia ngumu, jaketi, na kifaa cha masikioni kinachosimulia safari kwa lugha utakayochagua. Kiswahili hakimo. Chukua Kiingereza, au Kiarabu ukikikuta na unakijua, na hakikisha kinasikika kabla ya kuketi.

Mtumbwi unabeba watu kama wanane na mpiga kasia nyuma. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, kaa mbele: unaona zaidi, na hakuna kichwa cha mtu kwenye picha zako. Ukishaketi usisimame tena, wala usigeuke ghafla. Mikono iwe ndani. Kuna mahali dari linashuka, na kuna kuta zinazopita karibu kuliko unavyodhani.

Sasa kanuni tatu, na hizi si mapambo.

Funga mdomo unapotazama juu. Popo ni maelfu, wamening'inia vikundi kwa vikundi, na hawaangalii nani yuko chini. Kila mpiga kasia husema hivyo, kila kundi hucheka, na kila kundi lina mmoja anayesahau.

Usiguse mawe. Yale yanayoning'inia na yale yanayochomoza chini yamejengwa tone kwa tone na maji yenye chokaa. Mafuta ya kiganja yanazuia chokaa kushika, na pale ulipogusa hapakui tena.

Nyamaza. Popo, na mbayuwayu wa pangoni pia, huenda gizani kwa kutoa mlio na kusikiliza unavyorudi. Ndiyo maana mnapewa vifaa vya masikioni badala ya kiongozi wa kupaza sauti.

Utaingia karibu kilomita moja na nusu na kurudi, dakika 45 hivi. Mpiga kasia ndiye mwenye taa. Anaimulika pale simulizi inapofika. Kuna mawe yaliyopewa majina ya mboga na uyoga, mengine ya watakatifu, maana walioyapa majina ni Wakatoliki. Hayo yote sawa. Lakini mimi ningekuambia uyaache majina uangalie ukubwa. Unapita kwenye mfereji mwembamba, kisha ukuta unapotea pande zote, taa inapigwa juu na inachelewa kupata dari. Ukumbi wanaouita Kanisa Kuu ndio unaotuliza hata wale waliokuwa wakinong'ona. Ndani zaidi, ambako watalii wa kawaida hawafiki, kuna ukumbi wa Waitaliano, wenye ujazo wa takriban mita za ujazo milioni 2.5. Na katika kuta za pango kumepatikana mabaki ya mnyama wa jamii ya nguva, ya miaka kama milioni 20. Ni ndugu wa nguva ambaye wavuvi wa Lamu na wa delta ya Rufiji bado humkuta kwa nadra.

Picha: zima mwanga wa kamera. Unawasumbua popo, na picha inatoka nyeupe kwa ukungu. Weka simu kwenye hali ya usiku, piga pale taa ya mpiga kasia ilipotulia, chukua chache, kisha iweke chini. Asiyeiweka chini anatoka akiwa ameona pango kupitia kioo cha inchi sita.

9. Rudi, kula, angalia saa. Njia ni ile ile: mtumbwi, msitu, bangka, gati. Chakula cha mchana Sabang ni wali, samaki, kuku, mboga. Kwa Waislamu: nguruwe ni chakula cha kawaida huku na vipande vyake huingia hata kwenye mboga, kwa hiyo uliza kila bakuli, usitazame jina tu. Samaki wa kuchoma ndiye salama yako. Ukiwa huna gari la kundi, ulizia gari la mwisho la kurudi mjini kabla hujakaa kula.

Mambo yakienda kombo

*Vibali vya tarehe yako vimeisha.* Usiishie kwa wakala mmoja. Mawakala hushika nafasi kwa makundi na wengine hurudisha jioni. Uliza hoteli mbili tatu, kisha ofisi ya hifadhi asubuhi mapema. Mtu mmoja au wawili hupenyezwa kirahisi. Kundi la wanane ni shida.

*Bahari imefungwa.* Kabla hujaondoka gatini, ulizia kuhamishiwa siku nyingine, na upate maandishi au ujumbe wa simu unaosema hivyo. Maneno ya mdomo huyeyuka mkifika mjini. Wakati unasubiri, wanakijiji wa Sabang hupeleka wageni kwa mtumbwi kwenye mikoko, mwendo wa taratibu, na hapo upepo hauna nguvu. Njiani kurudi mjini kuna mwamba wa Ugong, wa kupanda kwa kamba. Ipo pia njia ya miguu msituni kati ya Sabang na pango, lakini huwa inafungwa. Uliza kwa askari wa hifadhi, usiifuate kwa kuisoma mahali.

*Unaogopa giza au mahali pa kubana.* Sehemu kubwa ya mto ni pana na hewa inapita. Mwambie mpiga kasia kabla ya kuondoka, kaa katikati kati ya watu unaowajua, na uweke macho kwenye mwanga wa taa. Kama mdomoni mwa pango moyo umekataa kabisa, shuka pale pale, kungoja ufukweni hakuna aibu. Mkishaingia, mtumbwi hauwezi kugeuka wakati wowote. Kuna mingine nyuma yenu.

*Kinyesi cha popo kimekuingia jichoni au mdomoni.* Usifikiche. Usinawe kwa maji ya mto. Tumia maji ya chupa, mengi, na ukitoka nawa tena kwa sabuni. Jicho likiendelea kuwasha hadi jioni, nenda hospitali Puerto Princesa, usingoje Manila.

*Popo amekukwaruza au kukuuma.* Ni nadra, kwa sababu hawakutafuti wewe. Kima ndiye hatari zaidi. Vyovyote vile osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata kama kidonda ni kidogo.

*Simu imeanguka mtoni.* Imekwenda. Usiiname kuifuata, utawapindua wenzako. Ndiyo sababu ya kuwa na nakala ya pasi na tiketi kwenye barua pepe yako.

*Kifaa cha masikioni kimekufa katikati.* Inua mkono, mpiga kasia ataelewa. Mara nyingi hana cha akiba, basi kivue na utazame tu.

*Una mtoto mdogo.* Jaketi la kuokolea limkae sawa: mnyanyue kwa mabega ya jaketi, likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, dai jingine. Mtoto akae kati ya watu wazima wawili, si ubavuni. Na akianza kulia gizani, mfungulie biskuti ulizoficha. Kima wamebaki nje.